Foleni ya getini: jinsi msongamano wa mji unavyopanga mishahara ndani ya kampuni

Chukua kampuni mbili zinazofanya kazi ileile. Moja iko kwenye mji mdogo, nyingine iko katikati ya jiji. Ni ipi yenye pengo kubwa zaidi kati ya mshahara wa mkurugenzi na mshahara wa mfagizi? Ukiuliza mtaani utajibiwa palepale: ya jijini. Na kwa sehemu kubwa watu wako sawa. Wachumi Nathaniel Baum-Snow na Ronni Pavan walipitia mishahara ya Marekani ya miaka 1979 hadi 2007, wakakuta kwamba si chini ya 23% ya ongezeko lote la tofauti za mishahara nchini humo linaelezwa na jambo moja tu: tofauti hizo zilikua haraka zaidi kwenye miji mikubwa kuliko kwenye midogo.

Sawa. Lakini kwa nini? Watu kuwa wengi mahali pamoja kunaingiaje kwenye daftari la mishahara la kampuni? Unaweza kulijibu swali hili kwa milinganyo, na wapo waliofanya hivyo. Mimi nataka tulijibu kwa kwenda Mombasa ya miaka ya 1930 na 1940, kwa sababu pale mambo yalifanyika hadharani. Foleni ya kazi ilionekana kwa macho, ngazi za mishahara ziliandikwa kwa rangi ya mtu, na siku wafanyakazi walipochoka, walikutana uwanjani kila mtu akiwaona.

Tuanze na meli. Magati ya kina kirefu ya Kilindini yalianza kutumika 1926. Kabla ya hapo meli zilitia nanga mbali kidogo na mizigo ikaletwa nchi kavu kwa matishari. Magati yalirahisisha kazi, ila tatizo moja halikuondoka: meli haiji kwa ratiba ya ofisi. Leo zinaingia tatu, kesho haipo hata moja. Pamba na kahawa za bara zina misimu yake. Kampuni za kupakia na kupakua mizigo zilihitaji watu wengi sana siku fulani, na siku nyingine hazikuhitaji karibu mtu yeyote.

Jibu lao lilikuwa kibarua wa kutwa. Asubuhi watu wanakusanyika, mnyapara anachagua, waliochaguliwa wanaingia, waliobaki wanarudi nyumbani. Jioni aliyefanya kazi analipwa, na kesho mchezo unaanza upya. Hebu jiulize: siku ambayo mtu hakuchaguliwa, nani alilipia chakula chake? Kampuni haikulipa. Alilipa ndugu aliyelala naye chumba kimoja, mwenye nyumba aliyesubiri kodi mpaka wiki ijayo, mama ntilie aliyeandika deni ukutani, au shamba lililoko Rabai au kwa Wagiriama. Kwa maneno mengine, mji ulikuwa ghala la nguvu kazi, na kampuni haikulipia ghala hilo hata senti.

Huu ndio msongamano wa mji ukiwa kazini. Kwenye shamba la katani lililo peke yake, mwajiri akitaka watu mia mbili kesho, lazima awe amewaweka kambini tangu leo na kuwalisha. Mjini wapo tu. Kadiri walivyo wengi ndivyo gharama ya kuwa na mtu wa akiba inavyoshuka.

Mpaka hapa hadithi inaonekana rahisi: watu wengi getini, malipo ya chini yanadidimia. Ngoja kwanza, maana Mombasa inatuharibia hesabu. Ukilinganisha siku kwa siku, kibarua wa bandarini alipata zaidi ya mfanyakazi asiye na ujuzi aliyeajiriwa kwa mwezi. Naam, yule "asiye na kazi ya kudumu" ndiye aliyelipwa vizuri zaidi kwa siku! Sababu ni kwamba kibarua aliweza kukataa. Wengi walikuwa watu wa pwani wenye minazi, mashamba na jamaa karibu. Malipo yakiwa mabaya, leo hatokei. Aliyetoka bara na kuajiriwa kwa mwezi alikuwa na kodi ya chumba, shamba lake lilikuwa mbali, na nauli ya kurudi hakuwa nayo. Kwa hiyo wingi wa watu peke yake haushushi mshahara. Unaoushusha ni wingi wa watu wasio na pa kwenda. Naomba usiliache jambo hili, tutalihitaji mbele.

Sasa panda juu ya daftari. Juu ya wabeba mizigo kulikuwa na makarani na mafundi, wengi wao wakiwa Wahindi na Wagoa, na juu kabisa Wazungu. Kila kundi lilikuwa na ngazi yake ya malipo, hasa relini na serikalini. Tume ya Holmes, iliyotoa ripoti yake 1948 kuhusu utumishi wa serikali katika Afrika Mashariki, iliibariki kanuni ya tatu kwa tano: asiye Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Ubaguzi ulikuwa ubaguzi, hakuna haja ya kuupaka rangi. Lakini tazama na hesabu waliyoitumia kuutetea: Mzungu lazima alipwe kiasi cha kumvuta kutoka Uingereza, kwa sababu akikataa hatuna mwingine. Yaani mshahara wa juu haukupangwa Mombasa. Ulipangwa na soko la huko mbali, London na kwingineko. Mshahara wa chini ndio uliopangwa pale getini.

Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha jambo zima. Daftari moja la mishahara, masoko mawili. Mstari wa juu unasikiliza soko la mbali lenye watu wachache, mstari wa chini unasikiliza foleni ya hapo nje. Mji ukikua, kampuni nazo zinakua, zinahitaji wataalamu na mameneja wa kugombaniwa, na mstari wa juu unapanda. Wakati huohuo foleni inarefuka na mstari wa chini unakaa palepale. Pengo linapanuka bila hata mtu mmoja kukaa mezani akaamua lipanuke.

Kuna kitu cha tatu kilichokuwa kinakula mshahara wa chini: chumba. Watu wakirundikana kisiwani, kodi inapanda. Na mishahara ya wakati ule ilikuwa imekokotolewa kwa mahitaji ya mwanaume mmoja asiye na mke wala mtoto: chakula chake, blanketi lake, sehemu yake ya kulala. Familia ilihesabiwa kuwa iko kijijini na inajilisha yenyewe. Mwishoni mwa Julai 1939 wafanyakazi wa mwezi wa Idara ya Kazi za Umma waligoma Mombasa, mgomo ukasambaa kwa waajiri wengine, na mwanzoni mwa Agosti ukafika bandarini. Unaona nani walianza? Ni wale wa mwezi, wasio na pa kwenda. Serikali ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Willan, na suala la makazi likawa katikati ya mezani, posho ya nyumba ikiwa sehemu ya jibu. Leo Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba au malipo ya kutosha ya kodi. Ukiiona posho hiyo kwenye hati yako ya mshahara, ujue mizizi yake inapita kwenye vyumba vya Majengo.

Vita vya Pili vikaja, bei zikapanda, mji ukajaa zaidi. Sensa ya 1948 ilihesabu watu karibu 85,000 Mombasa. Kufikia wakati huo kulikuwa kumetokea mgomo mwingine wa reli 1942 na kamati nyingine ya uchunguzi 1945. Kisha ikaja Januari 1947.

Tarehe 13 Januari watu wapatao 15,000 waliacha kazi. Si wa bandarini peke yao. Wa reli, wa hotelini, wa majumbani, wa ofisini. Walikutana kila siku kwenye uwanja wa mpira ambao wenyewe waliupa jina la Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo chama kilichokuja kujulikana kama Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika kilipopata nguvu, na baadaye Chege Kibachia akawa kiongozi wake mkuu. Moja ya madai yao lilikuwa malipo sawa kwa kazi sawa. Jumla ya watu wa mji, watoto na wazee ndani, haikufika laki moja. Bandari, reli na majiko ya mabwana vyote vilisimama kwa karibu wiki mbili.

Hebu rudi kwenye shamba la katani. Mgomo kule unabaki kule. Wa shamba la pili wanasikia baada ya mwezi, kama wanasikia. Mjini mpishi wa hoteli analala chumba kimoja na mbeba mizigo, na jirani yao ni fundi wa reli. Jioni wanaambiana nani kapata nini. Kila mmoja anajua mshahara wa mwenzake, anajua na mshahara wa karani aliye juu yake. Msongamano uleule uliompa mwajiri foleni ya bure uliwapa wafanyakazi habari, na ukawapa uwanja. Vitabu vingi vya uchumi wa miji huishia kwenye foleni na kusahau uwanja. Kwa maoni yangu hapo vinapungukiwa.

Mgomo ulimalizika baada ya Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, kwenda Mombasa na kuwasihi warudi kazini wakati baraza la usuluhishi linasikiliza madai. Baraza hilo liliongozwa na Ransley Thacker. Jina unalijua? Ni jaji yuleyule aliyekuja kumhukumu Jomo Kenyatta kule Kapenguria, Aprili 1953. Nyongeza zilipatikana. Kibachia yeye alikamatwa Agosti 1947 na kupelekwa kizuizini Kabarnet, alikokaa miaka kumi.

Sasa inakuja sehemu ambayo husimuliwa kidogo, nami naiona ndiyo nzito kuliko mgomo wenyewe. Baada ya 1947 maafisa na makampuni walijiuliza: tufanyeje ili bandari isisimame tena? Hawakujibu kwa kurudi kwenye mishahara duni. Walijibu kwa kupunguza idadi ya watu. Kama kibarua leo yuko bandarini, kesho yuko mtaani, keshokutwa yuko shambani, basi humwezi, hana cha kupoteza. Lakini ukichagua watu wachache, ukawaandikisha, ukawapa siku nyingi za kazi na malipo mazuri, watakuwa na cha kupoteza. Katika miaka ya 1950 orodha ya vibarua wa bandari ikapunguzwa. Asiyejitokeza siku za kutosha kila mwezi anafutwa jina. Uhuru wa kukataa, ule uliompa kibarua nguvu, ukaondoka. Kilichokuja badala yake ni mshahara.

Na mshahara ulikuja kweli. Machi 1955, wakati wa Hali ya Hatari, watu wa bandari waligoma tena. Tom Mboya, aliyekuwa na miaka 24 tu, akashuka Mombasa kusaidia kusuluhisha; wakapata nyongeza ya 33%. Mwaka uliotangulia, Kamati ya Carpenter ilikuwa imekiri kwamba mshahara wa mwanaume mseja haufai na kwamba malipo yaelekee kwenye mahitaji ya familia. Mwaka huohuo wa 1954 Tume ya Lidbury ikaiondoa kanuni ya tatu kwa tano. Ukiangalia daftari la kampuni peke yake, ni ushindi: chini kumepanda, ngazi za rangi zimeanza kuvunjwa, pengo limepungua.

Ila daftari lina watu wachache kuliko zamani. Waliofutwa majina wako wapi? Wako nje ya geti, kwenye mji uleule, na hawahesabiwi tena na mtu.

Mwaka huohuo wa 1954 (sijui kulikuwa na nini hewani) W. Arthur Lewis, mzaliwa wa St Lucia ambaye baadaye alipata Nobel, alichapisha makala yake maarufu kuhusu maendeleo penye nguvu kazi isiyo na kikomo. Kati ya mifano yake ya watu waliozidi mahitaji ya kazi aliwataja wafanyakazi wa gatini, na vijana wanaokimbilia kukubebea begi ukishuka safarini. Alisema mahali penye watu wengi namna hiyo, sekta ya kisasa inaweza kupanuka muda mrefu bila kupandisha mshahara wa chini. Nadhani alikuwa sahihi kuhusu foleni. Mombasa inaongeza jambo: kampuni inaweza kupandisha mshahara wa chini na foleni ikaendelea kuwepo, mradi tu ichague vizuri nani awe ndani na nani abaki nje.

Kisha uhuru. Serikali mpya ya Kenya ilikuta miji imejaa watu wasio na kazi, na 1964 ikafanya makubaliano ya pande tatu: serikali iongeze ajira kwa 15%, waajiri binafsi kwa 10%, na vyama vya wafanyakazi visidai nyongeza. Ilionekana ni akili. Kilichotokea ni kwamba habari za ajira zilifika vijijini, watu wakaja mjini kuzifuata, na foleni haikupungua. John Harris na Michael Todaro, walioandika 1970 kuhusu uhamiaji na ukosefu wa ajira, walikuwa na mfano huu wa Kenya mbele yao. Hoja yao unaweza kuisema kwa lugha ya mtaani: kijana hahami kufuata mshahara wa mjini, anahama kufuata mshahara huo mara bahati yake ya kuupata. Mshahara wa ndani ya geti ukipanda, foleni ya nje inarefuka. Nairobi ilikuwa na watu 118,976 mwaka 1948. Mwaka 1969 ilikuwa na zaidi ya nusu milioni.

Tanzania ilijaribu njia nyingine, kulibana pengo kwa amri. Oktoba 1966, baada ya maandamano ya wanafunzi wa chuo kikuu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere alipunguza mshahara wake kwa 20% na kupunguza ya wakubwa wa serikali. Ndani ya mashirika ya umma tofauti zilipungua kwelikweli. Mji haukusoma waraka huo. Kati ya sensa ya 1967 na ile ya 1978 Dar es Salaam iliongezeka karibu mara tatu, na kufikia 1983 serikali ilikuwa ikitunga sheria ya nguvu kazi na kuwakamata watu barabarani wakalime.

Turudi kwenye swali letu la mwanzo. Timu ya Jae Song na wenzake ilichambua kumbukumbu za mishahara ya Marekani kuanzia 1978 hadi 2013, ikachapisha matokeo 2019. Walikuta kwamba karibu theluthi mbili ya ongezeko la tofauti za mapato limetokea kati ya kampuni na kampuni, na theluthi moja tu ndani ya kampuni. Wanaolipwa vizuri wanazidi kukusanyika kwenye kampuni moja, wanaolipwa vibaya kwenye kampuni nyingine. Ukiisoma haraka utasema basi ndani ya kampuni hakuna shida kubwa. Lakini David Weil, katika kitabu chake cha 2014, alionyesha nini kimekuwa kikitendeka: hoteli, benki na viwanda vimehamisha wafagizi, walinzi na wapishi kwenda kwa makandarasi. Watu walewale, jengo lilelile, hati ya mshahara ya kampuni nyingine.

Hiyo ni Kilindini ya miaka ya 1950 iliyogeuzwa. Wakati ule geti lilisogezwa ili wachache wabaki ndani. Siku hizi geti linasogezwa ili waliopo ndani ya jengo wahesabike kuwa nje. Na inawezekana kwa urahisi mjini kuliko kwingine. Kampuni ya ulinzi inahitaji wateja wengi walio karibu karibu ili biashara iende, na inahitaji foleni ndefu ya vijana ili leo mlinzi akiacha, kesho sare ivaliwe na mwingine. Nairobi yenye watu zaidi ya milioni nne, au Dar es Salaam iliyohesabiwa watu zaidi ya milioni tano 2022, inatoa vyote viwili. Ingia benki yoyote kubwa katikati ya miji hiyo, kisha usome nembo kwenye sare ya anayekufungulia mlango, anayepiga deki na anayekuletea chai.

Ndiyo maana unatakiwa kuwa mwangalifu na takwimu za "pengo ndani ya kampuni". Marekani, kwa sheria ya 2010, kampuni zinazouza hisa kwa umma zinatakiwa kutangaza mshahara wa mkurugenzi mkuu ni mara ngapi ya ule wa mfanyakazi wa kati, na zilianza kufanya hivyo 2018. Kanuni zake zinaruhusu wale walioajiriwa na kampuni nyingine isiyo na uhusiano nayo, ambayo ndiyo inayowapangia malipo, wasihesabiwe. Kampuni iliyowaajiri wafagizi wake yenyewe itaonekana ina pengo kubwa. Jirani yake aliyewahamishia wake kwa mkandarasi ataonekana ana haki zaidi, wakati mfagizi wa jengo la pili huenda anapata kidogo kuliko wa jengo la kwanza.